Nyumba ni yangu, anayenipiga ni mume wangu: nitaupata wapi moyo wa kumwacha?

Mkaazi wa Mkomani aliuliza:

Assalaam aleikum. Naandika kwa simu ya mwenzangu wa kazini kwa sababu yangu hukaguliwa kila jioni, kwa hivyo mtanisamehe nikichelewa kurudi kusoma majibu yenu.

Nimeolewa kwa zaidi ya miaka kumi, nina watoto wawili, na naishi mjini Lamu katika orofa ambayo marehemu baba alinipa siku nilipoolewa, kwa desturi ya wazee wetu ya kumpa binti nyumba yake asije akadhalilika kwa watu. Mume wangu ndiye aliyehamia kwetu. Mama anaishi orofa ya chini, na hakuna kinachosemwa kwa sauti huku juu kisichosikika kule kwake. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila ninaposoma nasaha kwa wanawake wa hali yangu naona wanaambiwa wafunge mizigo waondoke, nami najiuliza niende wapi, niiache nyumba ya baba yangu kwa mtu anayenipiga ndani yake.

Ananipiga. Hakuanza hivyo. Mwanzo alinikataza kwenda kwa shoga zangu, kisha akashika fedha za kofia ninazoshona kwa kudai kwamba sijui kuweka, kisha yakaja matusi, na kofi la kwanza lilikuja nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Siku hizi kabla ya kunipiga huzidisha kwanza sauti ya televisheni. Mwanangu wa kiume, ambaye hajatimiza miaka tisa, ameshaijua maana yake: akisikia sauti inapanda humshika dadake mkono wakapanda juu ya nyumba, chini ya makuti, wakakaa huko mpaka pawe kimya. Si mimi niliyemfundisha. Mwezi uliopita alinikaba koo kwa mikono miwili, na kwa siku kadhaa nikawaambia watu kwamba nina mafua ndiyo maana sauti imekauka.

Nje ya nyumba ni mtu mwingine kabisa. Huswali safu ya kwanza, huchangia Maulidi kwa mkono mkunjufu, na wanaokaa barazani humwamkia kwa heshima. Nikisema, nani atanisadiki? Mama nilimwambia mara moja. Alilia, kisha akanijibu kwamba ndoa ni sitara na kwamba baba yangu aliondoka duniani akiwa na jina zuri. Kaka yangu yuko Malindi, naye sijamwambia kwa kuogopa kwamba atakuja kwa hasira, amdhuru mtu, afungwe yeye.

Kila mara naamka asubuhi nikiwa nimeazimia, na ikifika magharibi nikisikia funguo zake zikigusa mlango wa nje, azma yote hunitoka. Wenzangu mliopitia haya, huo moyo wa kumwacha mtu mliupata wapi? Na je, ni dhambi kwa mke kwenda mahakamani kutaka kutengana na mumewe ilhali mume hajatamka talaka?

Somo wa Shela alijibu:

Wa aleikum salaam, mwanangu. Mimi ni mtu mzima, nimekuwa somo wa maharusi wengi katika kisiwa hiki, nimewasinga na kuwafunza kukaa na waume zao, wala sijapata kumwambia bibi harusi hata mmoja kwamba kupigwa ni sehemu ya ndoa. Anayesema kwamba mila zetu zinataka hivyo, mila hizo kazitoa kwingine. Baba yako alipokupa nyumba alifanya kama walivyofanya wazee wenye akili kabla yake, ambao walijua kwamba mume mwema leo anaweza kugeuka kesho, wakataka binti yao siku hiyo awe na mlango wake mwenyewe. Mama yako amesema ndoa ni sitara, na ni kweli, lakini katika hayo uliyoyaeleza anayesitiriwa ni mpigaji peke yake.

Umeuliza moyo hupatikana wapi. Mmoja wa maharusi wangu alikaa muda mrefu akiamini kwamba hakuna ajuaye yanayompata. Asubuhi moja jirani wa nyumba ya pili alimpelekea mkate wa sinia, na wakati wa kupokezana sahani akamwambia taratibu, "Jana tulisikia, na juzi tulisikia, na mlango wetu usiku hatuutii komeo." Hakuongeza neno, akarudi kwake. Yule mwanamke aliniambia baadaye kwamba kuficha kulikuwa kumemla nguvu kuliko kupigwa, kwa maana kila siku alikuwa na kazi ya kutunga sababu ya alama, sababu ya kutohudhuria shughuli, sababu ya macho kuvimba. Na alipojua kwamba mtaa wote unajua, kazi ile ikamwishia. Hakumwacha mumewe siku hiyo, ilichukua miezi. Lakini hakurudi tena kuwa peke yake. Mwanangu, katika vichochoro vyetu ambamo punda wawili hupishana kwa shida, unadhani televisheni inamficha nani?

Kwa hivyo usiusubiri moyo uje mzima mzima. Uutafute kwa watu, kidogo huku na kidogo kule, na kila utakayemwambia mpe kazi ya kufanya. Nimeona mara nyingi kwamba mtu akiambiwa jambo zito bila kupewa la kufanya, ama hulia kama alivyolia mama yako, ama hukasirika kama unavyomwogopea kaka yako. Usimwambie mama, "Nishauri"; mwambie, "Niwekee kitambulisho changu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto sandukuni mwako." Usimpigie kaka simu ya kilio usiku, mwambie mchana, akiwa pamoja na ami yenu au mtu mzima anayemstahi, na umwambie unachotaka kwake: nauli, au mahali pa watoto kulala kwa siku chache, au kuja kusimama nawe siku ya kesi. Kijana mwenye kazi mkononi hukumbuka kwamba naye ana watoto.

Mzee wa Langoni alijibu:

Naheshimu kauli ya bibi aliyetangulia, wala sitetei mkono wa mwanamume juu ya mkewe, kwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema aliye bora wetu ni aliye bora kwa mkewe. Hata hivyo nachelea tabia ya siku hizi ya kukimbilia mahakama. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 35, ametuamuru tukichelea mfarakano tupeleke mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Binti yangu amejaribu hilo? Watoto wanahitaji baba, na subira ina malipo yake.

Msaidizi wa Kisheria, Malindi, alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Aya uliyoitaja inahusu mfarakano baina ya watu wawili ambao kila mmoja anaweza kukaa mbele ya waamuzi na kusema lake. Mke aliyekabwa koo hawezi kusema lake mbele ya aliyemkaba na kisha akarudi kulala naye chumba kimoja usiku ule ule. Nimeona vikao vya aina hiyo hapa Malindi, na mara nyingi kinachotoka humo ni ahadi ya mume na adhabu ya mke akifika nyumbani. Qurani hiyo hiyo, katika Suratul Baqara, aya ya 229, inasema ama ni kukaa kwa wema au kuachana kwa ihsani, na aya ya 231 inakataza kumweka mke kwa kumdhuru.

Dada yangu, nikianza na swali lako la dhambi, mke kutaka kutengana si jambo lililozuliwa na mahakama za serikali. Mke wa Thabit bin Qays alimwendea Mtume mwenyewe, na alikubaliwa aachwe kwa kurudisha shamba alilopewa kuwa mahari. Hiyo ndiyo khului. Kuna pia fasakhi, ambayo Kadhi huivunja ndoa baada ya kuthibitikiwa na madhara, na humo hutakiwi kununua uhuru wako kwa mahari yako. Nalisisitiza hili kwa sababu waume wengi humsukuma mke aombe khului, hata pale ambapo wao ndio wenye makosa. Wewe una madhara ya kuthibitisha, kwa hivyo omba fasakhi, na kama kuna sehemu ya mahari hajakulipa, hilo ni deni lake.

Kuna jambo lingine ambalo wanawake wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Akihisi kwamba unajitayarisha, huenda akakutamkia talaka moja kwa hasira, nawe ukashukuru kwamba mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Katika talaka ya kwanza na ya pili mume ana haki ya kukurejea ndani ya eda, na hahitaji ridhaa yako. Fasakhi na khului haziachi mlango huo wazi. Akitaka kurudi ni kwa ndoa mpya, na ndoa mpya haifungwi bila wewe kukubali.

Sasa nyumba. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu waliokubali kushitakiana mbele yake, na hapo ndipo pa kudai fasakhi na nafaqa, yaani fedha za matumizi. Kipigo chenyewe ni jinai, na ulinzi wako huombwa kwa hakimu. Bunge lilipitisha mwaka 2015 Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, ambayo haikuishia kwenye ngumi: inataja pia matusi na vitisho, kumnyima mtu fedha, kumharibia mali, kumlazimisha tendo la ndoa, na hata kuingiliwa na wakwe. Chini ya sheria hiyo hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi inayomkataza mume kukukaribia, na anaweza pia kuamuru kwamba wewe ndiwe utakayebaki katika nyumba mnayoishi na yeye atoke. Pakiwa na hatari, amri ya muda inaweza kutolewa kabla hata yeye hajaitwa. Kuivunja amri hiyo ni kosa peke yake, hata kama siku hiyo hakukugusa. Kwa hivyo wewe si lazima ufunge mzigo wa kudumu. Unaweza kutoka kwa siku chache kwa ajili ya usalama, na kutoka huko hakukuondolei haki ya kurudi.

Polisi nao wana wajibu chini ya sheria hiyo wa kukueleza haki zako na kukusaidia kupata matibabu na mahali pa kujihifadhi, na una haki ya kutaka maelezo yako yachukuliwe na afisa wa kike. Hakikisha yameandikwa katika kitabu cha matukio, na uondoke na namba yake. Wapo watakaokwambia kwamba haya ni mambo ya nyumbani, urudi mkayamalize. Waombe kwa adabu waiandike kauli hiyo kitabuni, utaona namna wanavyobadilika. Usipopata wa kukusaidia hapo Lamu, namba 1195 hupokea simu za dhuluma za kijinsia bila malipo mchana na usiku, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana afisi Mombasa inayosaidia wanawake wasioweza kumlipa wakili.

Muuguzi wa Barani alijibu:

Nimesoma yote na nimeona kwamba tumelipita haraka jambo ambalo mimi nisingelipita. Dada amekabwa koo na sauti ikakauka kwa siku kadhaa. Mara nyingi koo lililokabwa haliachi alama yoyote nje, lakini ndani linaweza kuvimba baada ya saa nyingi, na mishipa ya damu ya shingo ikijeruhiwa mtu anaweza kupata kiharusi siku za baadaye akiwa ameshasahau. Nenda hospitali umweleze daktari hivyo hivyo, bila kulipunguza: alitumia mkono mmoja au miwili, kwa muda gani, uliona giza, ulizimia, kumeza kulikuwaje. Matibabu hayasubiri fomu ya polisi. Fomu ya P3, ile ya polisi ambamo daktari huandika majeraha, itajazwa pia, kwa ajili ya kesi, lakini mwili kwanza. Na ikiwa amewahi au atakuja kukulazimisha tendo la ndoa ukiwa na shaka ya maambukizi, dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inapaswa kuanzwa ndani ya saa 72.

Uchunguzi wa wanawake waliouawa na waume zao umeonyesha kwamba kukabwa koo ni miongoni mwa dalili nzito zaidi za kwamba kifo kinakaribia, na kwamba wakati wa hatari kubwa ni pale mume anapojua kwamba anaachwa. Sisemi haya ili ubaki. Nasema ili usimwambie. Mwanamke mwungwana hutamani kumuaga mumewe uso kwa uso, kumweleza sababu, kumpa nafasi ya mwisho. Kwa mtu wa namna hii tafadhali usifanye hivyo, aisikie habari kwa karatasi ya mahakama ukiwa hauko karibu naye.

Mkaazi wa Mkomani alirudi kuandika:

Mwenyezi Mungu awalipe heri nyote. Nimemwambia mama tena, na safari hii nimempa vyeti. Hakulia. Aliviweka chini ya kanga zake, akaniuliza kama nimekula. Hospitali nimekwenda pia, kwa kisingizio cha mtoto, na daktari ameandika.

Nina hofu mbili. Ya kwanza, Lamu ni ndogo mno, na nikionekana naingia mahakamani asubuhi atakuwa ameshaambiwa kabla ya adhuhuri. Ya pili, nyumba baba alinipa kwa mdomo mbele ya wazee. Hakuna karatasi yenye jina langu, na mume wangu amekuwa akisema kwamba yeye ndiye aliyeikarabati kwa hivyo ni yake.

Somo wa Shela alijibu:

Mwanangu, kwa hofu ya kwanza, siku ya kwenda mahakamani iwe ni siku ambayo watoto wameshalala kwingine, na wewe usiku ule usilale nyumbani hata kama kila kitu kinaonekana shwari. Kaka yako aje siku moja kabla, afikie kwa jamaa mwingine, asionekane kwenu. Mabasi ya Malindi huishia Mokowe na boti huvuka mchana kutwa, kwa hivyo watoto wanaweza kutangulia naye kama wanakwenda kumtembelea shangazi yao. Usibebe mkoba mkubwa. Nguo hutoka nyumbani moja moja kama zinakwenda kwa fundi, na mwenzako huyo wa kazini aziweke. Yule mtoto wa kiume umwambie mapema kwamba siku atakayokuona umechelewa au hofu imemshika, asipande juu tena. Ateremke kwa bibi yake. Na wewe ukimsikia mumeo anaingia kwa ghadhabu, usijifungie jikoni wala chooni mahali pasipo na mlango wa pili. Teremka, utoke mpaka dakani, huko kuna watu.

Msaidizi wa Kisheria, Malindi, alijibu:

Dada, kwa hofu ya pili, tenganisha mambo mawili. Hakimu anapoamua nani abaki ndani ya nyumba kwa sababu ya dhuluma, haamui nyumba ni ya nani, kwa hivyo ukosefu wa karatasi hauwezi kukuzuia kupata amri ya ulinzi, na madai yake ya ukarabati hayampi ruhusa ya kukaa na mtu anayempiga. Risiti zake za saruji na boriti akipenda ataziwasilisha kwingine, wakati mwingine.

Suala la umiliki litakuja baadaye, na usiliache hivi hivi. Alichokifanya baba yako ni hiba, yaani zawadi ya mali, na hiba ya mdomo inatambulika katika sheria ya Kiislamu ikiwa mtoaji alitamka, mpokeaji akakubali, na mali ikakabidhiwa mikononi mwake. Wewe umeishi humo tangu harusi, na huko ndiko kukabidhiwa. Kinachobaki ni mashahidi. Kaa na wazee waliokuwapo siku ile ambao bado wako hai, waandike viapo vyao mbele ya kamishna wa viapo mapema iwezekanavyo, kwa kuwa umri wao nao haungoji kesi. Anza na mama yako, maana aliishuhudia hiba hiyo, na amekuwa akiisikia nyumba hiyo kila usiku. Viapo viwili anaweza kuviandika siku moja, kimoja cha hiba kwa ajili ya nyumba, na cha pili cha yale aliyoyasikia kutoka chini, kwa ajili ya Kadhi.